Shajara ya tangi la Mikindani: kambare mmoja, gogogo wanne

Februari 11

Tangi limefika. Fundi vioo wa mjini Mtwara amelitengeneza kwa kioo cha milimita 8: urefu sentimita 100, upana 50, kimo 40. Nimelijaza hadi sentimita 35, ndiyo lita 175. Maji na kioo kwa pamoja vinapita kilo 200, kwa hiyo meza nimeiacha, nikajenga kitako cha tofali ukutani sebuleni. Juu kuna fremu ya mbao yenye wavu, na juu ya fremu nimeweka tofali, kwa sababu kambare akiamua kutoka hutoka, na akishatoka huweza kutambaa na kuishi nje muda mrefu kuliko mtu anavyodhani.

Kambare mwenyewe nilimnunua kwa watoto waliokuwa wanavua kwenye kalavati baada ya mvua. Ana sentimita 12, gramu 13 kwenye mzani wa jikoni. Binti yangu, yuko darasa la nne, amemwita Nahodha.

Gogogo wanne wamekuja na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa hewa. Hawa ni wale wadogo wa bonde la Kongo wanaoogelea chali, tumbo juu. Ukiwatazama vizuri utaona tumbo ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengi, maana kwao tumbo ndilo linaloangalia angani. Kila mmoja ana kama sentimita 5. Nilipomgusa mmoja alilia kabisa: mwiba wa pezi unasugua kwenye shimo lake, ndiyo sauti iliyowapa jina.

Februari 19

Jana wameacha chakula. Nahodha anapanda juu kumeza hewa kila baada ya dakika moja au mbili. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa, kwa hiyo kupanda juu si ajabu kwake, ila wiki iliyopita alikuwa anapanda mara chache sana. Gogogo hawana kiungo hicho, na leo wote wanne wamejibana pale mapovu ya mashine ya hewa yanapotokea.

Nikafanya kosa ambalo nataka liandikwe hapa bila kupunguzwa. Niliona hawali, nikadhani chakula hawakipendi, nikawaongezea kingine.

Februari 21

Vipimo vya maji vimefika kwa basi. Amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kinachooza, iko juu sana. Na maji yetu ya kisima cha Mikindani yanatoka kwenye jiwe la matumbawe, ni mazito, yanaacha chokaa nyeupe kwenye birika, na pH yake, kipimo cha asidi, ni 8.2. Amonia ileile ambayo kwenye maji ya pH 7 ingevumilika, kwenye pH kama hii na joto la Februari inageuka sumu kali, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi inakuwa katika hali inayopenya mashavu ya kupumulia.

Nimekaa nikahesabu chakula kinachoingia. Binti analisha asubuhi kabla ya shule. Bibi yake analisha mchana, anasema mnyama hawezi kukaa na njaa mchana kutwa. Mimi ninalisha jioni. Nyumba yetu imekuwa ile nyumba ya kambare inayosemwa: kila mmoja ana sharubu zake. Na tangi ni jipya, halina wale bakteria wa kwenye sponji la filta wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti. Hao huhitaji wiki nne hadi sita kuota. Mimi niliweka samaki siku ileile ya maji.

Uamuzi: hakuna chakula kwa siku nne. Kubadilisha theluthi ya maji kila siku, maji yaliyokaa kwenye ndoo usiku mzima. Bibi ameumia kusikia siku nne. Nilimwambia, "Mama, mwili wa samaki haupashi moto damu yake kama sisi, siku nne kwake hazimuui." Akanijibu, "Basi kaa ukiwatazama wewe, mimi sitaki kuona."

Machi 2

Amonia imeshuka, nitriti imepanda. Nilitegemea. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba hewa, mpaka mashavu yanakuwa na rangi ya kahawa. Hapa chumvi inasaidia kweli: kloridi yake inashindana na nitriti mlangoni, kwenye mashavu, na kuizuia isiingie. Nimeweka gramu 1 kwa kila lita, jumla gramu 175 za chumvi ya mawe, niliyoiyeyusha kwanza kwenye ndoo na kuimimina mara tatu, asubuhi, mchana na usiku.

Machi 20

Amonia sifuri. Nitriti sifuri. Siku 37. Wote watano wazima.

Sasa mlishaji ni mmoja, naye ni binti, kwa kijiko kimoja kilichofungwa kamba kwenye kitako cha tangi. Anaandika kwenye kalenda ya ukutani: saa, kiasi, na nani alikula. Hilo la mwisho nimelisisitiza. Kiasi bila "nani alikula" hakinisaidii chochote.

Aprili 6

Vile vidonge vya chakula cha dukani vimeisha na kuagiza kila mara ni gharama. Nimeanza kupika mwenyewe, na hapa ndipo nilipofurahi kuliko siku zote tangu tangi lije.

Shida ya chakula cha kusaga ni kwamba kikiingia majini kinasambaa kama vumbi, samaki anapata robo na maji yanapata robo tatu. Kinahitaji kitu cha kukishika. Watu huagiza unga wa gelatini. Mimi nikafikiria mwani. Huku kwetu akina mama wanaulima pwani na kuuanika. Nikanunua mwani mkavu aina ya cottonii, kwa kuwa ndio unaogandia kwa ugumu; spinosum hugandia laini mno. Nimeuloweka usiku kucha nikimwaga maji mara tatu chumvi itoke, kisha nikauchemsha mpaka ukayeyuka ukawa kama uji mzito.

Vilivyobaki: gramu 100 za dagaa wakavu, walioloweshwa na kuoshwa mara tatu kwa sababu ya chumvi, kisha kusagwa. Konzi moja ya uduvi. Kiganja cha majani ya mlonge yaliyochemshwa kidogo. Nikachanganya na uji wa mwani, gramu 20 zikiwa bado kavu. Nilisubiri mchanganyiko upoe hadi vuguvugu ndipo nikatia kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 500 kilichopondwa, kwa kuwa moto unaiua. Samaki hawa hawawezi kujitengenezea vitamini C, kama sisi tu, na kambare anayeikosa kwa muda mrefu fuvu lake hudhoofika mpaka likapasuka. Nimemimina kwenye sinia, nikaacha igande, nikakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nikaviweka kwenye friji sehemu ya barafu.

Kipande kimoja kilikaa majini saa mbili bila kusambaa. Nahodha alikula vitatu. Bibi amekuja kutazama kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Aprili 15

Gogogo wanakonda. Kalenda imesema mapema kuliko macho yangu: siku sita mfululizo binti ameandika "Nahodha" peke yake. Yeye ni wa haraka, na gogogo hutoka gizani tu. Kwa hiyo taa huzimwa saa mbili usiku, Nahodha anapewa vyake kona ya kushoto, na baada ya robo saa gogogo wanapewa ndani ya vifuu vya nazi vilivyochemshwa, nilivyovitoboa tundu la vidole viwili. Nahodha kichwa chake hakipiti. Usiku wa tatu tumesikia mlio wao ndani ya kifuu.

Mei 28

Umeme ulikatika kuanzia alfajiri hadi alasiri. Sponji la filta lililokosa maji yanayopita kwa muda huo wote linaoza ndani. Nimelisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe kabla ya kuwasha. Kamwe si kwa maji ya bomba, klorini inaua wale bakteria niliowasubiri siku 37.

Julai 9

Kipupwe kimekaza. Kusi inavuma toka usiku hadi usiku, na mzee jirani, mvuvi, ana siku ya nne hajatoka. Maji ya tangi alfajiri: nyuzi 21.5. Mwezi Machi yalikuwa 28. Sikununua hita, nilisema moyoni Mtwara pana joto la kutosha.

Gogogo wawili hawakula jana. Leo mmoja anajisugua kwenye kifuu.

Julai 11

Madoa meupe. Kama chembe za chumvi laini, kwenye mapezi na kichwani, gogogo watatu kati ya wanne. Nahodha ana mawili au matatu kwenye pezi la mkia.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo. Kaka aliyepo aliniuliza vizuri, akanitolea unga wa tetrasaiklini wanaowapa kuku. Nilimshukuru nikauacha, na nieleze kwa nini, maana najua wengi wataupewa. Hivi vidoa ni kijidudu, mnyama wa seli moja anayejichimbia chini ya ngozi ya samaki. Dawa ya bakteria haimgusi. Inaweza kuwagusa bakteria wa sponji langu. Na juu ya hapo, maji yetu ya chokaa hukamata tetrasaiklini na kuipunguza nguvu, kwa hiyo hata kwa ugonjwa wake halisi ungemimina unga bure.

Mzunguko wa huyu kijidudu ndio tiba yenyewe. Akiwa ndani ya ngozi, hakuna unachotia majini kitakachomfikia. Akishiba anadondoka chini, anajivika ganda kwenye kokoto, anajigawa, na mamia ya watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Wasipompata kwa kama siku mbili wanakufa. Ni hapo tu wanapoogelea ndipo unapowaweza. Kwenye nyuzi 24 au 25 mzunguko mzima huchukua karibu wiki. Kwenye 21 huvuta zaidi. Kwenye 29 au 30 ni siku tatu nne. Ukipandisha joto unawaharakisha watoke mafichoni.

Dawa za rangi za madoa meupe zipo Dar. Nimeziogopa. Kambare na gogogo hawana magamba, ngozi ni tupu na ute tu, na dawa zenye shaba au malakaiti, ile rangi ya kijani, zinawaumiza kwa kipimo ambacho samaki wa magamba hakisikii. Malakaiti isiguse kamwe samaki atakayeliwa. Nahodha haliwi, lakini maji yake mimi nayamwaga kwenye mchicha.

Uamuzi: joto na chumvi. Hita ya wati 200 imeagizwa.

Julai 12

Hita bado. Tunaelea madumu mawili ya lita 3 yenye maji ya moto, kwa zamu. Kila jozi inapandisha nyuzi moja hivi na ikipoa tunabadilisha. Binti na mimi tumegawana usiku. Nimefunika tangi kwa blanketi pande tatu.

Chumvi: gramu 2 kwa lita, jumla gramu 350, ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya huku, kwa mafungu manne ndani ya siku moja na nusu. Nilikuwa nasikia chumvi yenye madini joto inaua samaki. Kiasi cha ayodini kilichomo ni kidogo mno kufanya hivyo. Nimetumia ya mawe kwa sababu ipo.

Julai 14

Hita imefika. Nyuzi 25, kisha moja kila saa chache, hadi 29. Mashine ya hewa ya pili nimeazima, maana maji ya moto hushika hewa kidogo: kwenye nyuzi 22 ni kama miligramu 8.7 kwa lita, kwenye 30 ni 7.5, na wagonjwa hawa mashavu yao yana madoa ambayo mimi siyaoni.

Kila asubuhi nafyonza uchafu wa kwenye kokoto kwa mpira na kutoa robo ya maji. Kwenye kokoto ndiko maganda yaliko. Maji mapya yanaingia na chumvi yake iliyopimwa.

Chakula: Nahodha kipande kimoja. Gogogo hawatoki, hawalishwi. Binti ameuliza, "Baba, si watakufa njaa?" Nimemwonyesha shajara hii, kurasa za Februari.

Julai 15

Madoa yameongezeka. Ilinitisha ingawa nilijua: joto limewaharakisha wote, waliokuwa wamefichika wamevimba kwa pamoja.

Gogogo yule mdogo kabisa amekufa alfajiri. Tulimkuta ndani ya kifuu, tumbo chini, mkao ambao hai hakuwa nao. Binti amemzika chini ya mwembe akaenda shule bila kunywa chai. Jioni alirudi moja kwa moja kwenye tangi akahesabu mwenyewe.

Julai 18

Ngozi za watatu zimeanza kuwa safi. Usiku mlio mmoja kifuuni. Vipande viwili vimeliwa.

Julai 29

Hakuna doa tangu tarehe 20. Nimeendelea na joto na chumvi siku hizi zote tisa kwa makusudi, kwa sababu samaki msafi hamaanishi kokoto safi. Kuanzia leo chumvi inapungua yenyewe kwa kubadilisha maji. Hita nimeiacha kwenye 26.

Nimerudi nyuma kwenye kalenda na shajara hii. Kabla ya doa la kwanza kulikuwa na siku tatu za "hakula". Februari kulikuwa na siku moja kabla wapande juu. Kukataa chakula kumenionya mara mbili, na vipimo vya maji mara moja tu.

Agosti 17

Sharubu za chini za Nahodha zimefupika, ncha nyeupe. Huu ni uchafu wa chini. Kokoto zangu ni kubwa, chakula kinazama katikati na kuozea pale anapopapasia usiku kucha. Nimetoa kokoto zote, nimeweka mchanga laini wa mtoni uliooshwa ndoo kumi. Wa pwani wetu umejaa vipande vya kombe na matumbawe, unakwaruza, na ungeipandisha pH ambayo tayari iko juu.

Septemba 3

Sharubu zinaota. Ncha nyembamba kama uzi.

Septemba 12

Nahodha amevimba tumbo. Jana alikula nusu, leo hakusogea. Hakuna doa, maji yamepimwa na ni mazuri, joto 27. Ikabaki chakula.

Nimefungua gunia la dagaa nililonunua Aprili kwa bei ya jumla. Lilikuwa stoo, karibu na bati. Nilipoingiza mkono juu walikuwa sawa, chini walikuwa wa njano na harufu inakwaruza kooni. Mafuta yamechacha. Mafuta ya namna hiyo huharibu ini la samaki, na vitamini niliyokuwa natia kwa uangalifu huliwa na ule uchachu kabla samaki hajaifikia. Miezi mitano nilikuwa napima maji kwa matone na dagaa sijawahi kuwanusa.

Gunia limekwenda kwenye shimo la mbolea. Vipande vyote vya friji pia. Nahodha hapewi kitu siku tano, taa imezimwa, maji robo kila siku.

Septemba 15

Bibi alikuja akasimama muda mrefu mbele ya kioo. Safari hii hakusema habari ya njaa. Aliuliza, "Siku ya ngapi?" Nikamjibu ya tatu. Akasema, "Basi bado mbili."

Septemba 18

Tumbo limeshuka. Amepewa minyoo miwili ya bustanini, iliyokaa usiku kwenye majani mabichi ili itoe udongo. Amekula yote miwili.

Dagaa sasa hununuliwa robo kilo, hunuswa dukani, hukaa kwenye barafu tangu siku ya kwanza.

Oktoba 4

Sentimita 27, gramu 140. Jana asubuhi gogogo mmoja alikuwa na mkwaruzo ubavuni. Miiba yao hujifunga na kambare akimeza mmoja wanaweza kufa wote wawili. Kambare hupita mita moja akipata nafasi, na mimi hili nililijua tangu Februari. Nimechelewa kumtenga.

Fundi ameanza karo la saruji nyuma ya nyumba, lita 1,500, chini ya kivuli cha mwembe.

Novemba 8

Karo limejazwa na kumwagwa mara tatu ndani ya wiki tatu, saruji mpya hutoa chokaa kali. pH leo ni 8.1, karibu sawa na tangi. Nusu ya sponji la zamani limehamia kwenye filta ya huko, safari hii sianzi bila bakteria.

Tumemhamisha Nahodha kwa ndoo. Wavu hapana, miiba ya mapezi hunasa na kumtoa ni kumrarua. Alipigapiga ndoo mara mbili kisha akatulia. Kwenye karo alizama moja kwa moja.

Novemba 10

Hajala, siku ya pili. Vipimo vizuri, joto 28. Hapewi kingine.

Novemba 11

Saa tatu usiku, tochi yenye karatasi nyekundu: amepanda, ameshika kipande kimoja, amerudi chini. Binti ameandika: "Nahodha, kimoja." Ndani, gogogo watatu wametoka vifuuni taa ikiwa bado inawaka, wakaogelea chali katikati ya tangi, kitu ambacho hawajawahi kufanya tangu wafike.